Siku Niliyosahihisha Mwongozo wa Watu

Nikikwambieni kwamba wapo watu hapa Chake Chake ambao wakikutana nami njiani kwanza wanatazama saa zao, halafu wanacheka, halafu ndiyo wananipa salamu, msije mkadhani nimekuwa mtu mkubwa. Ni aibu, jamani, aibu tupu, na nimekaa nayo muda mrefu nikijifanya sisikii, lakini kwa kuwa kila mtu anaisimulia kwa namna yake (na wengine wametia chumvi mpaka hailiki), bora niisimulie mwenyewe mwenye mali.

Nilikuwa nafundisha kompyuta katika kituo kimoja kidogo pale Madungu, kituo cha Bi Rukia, mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti ya kuita watoto uwanjani na moyo wa kumpa mtu kanga aliyoivaa. Pamoja na masomo tulikuwa na kazi ya kuwapelekea watu meseji kwa mkupuo mmoja, wazee wa skuli, kikundi cha kina mama wakulima wa Pujini, wavuvi wa Wambaa, na kazi hiyo tuliifanya kwa programu ya bure iliyotengenezwa na watu wa huko mbali. Programu yenyewe haikuwa na vitu vya kubonyezabonyeza. Unaiandikia amri, mstari mmoja, inatenda, na ukitaka kujua amri gani inatenda nini unafungua mwongozo wake.

Sasa mimi nina maradhi. Wenzangu wanasoma mwongozo wapate kujua la kufanya, mimi nausoma nipate kujua kama ni kweli. Nikiona pameandikwa "amri hii itakuonyesha tu majina yatakayofutwa, haitafuta kitu", kuna kidudu kinaniuliza kichwani, hivi kweli haitafuta? Basi siku moja nilikisikiliza kidudu hicho, nikaijaribu amri hiyo (kwenye nakala, alhamdulillahi), na majina yote yakapotea mbele ya macho yangu. Nikawaandikia wenyewe watengenezaji kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, wakanishukuru, wakasahihisha, na chini ya ukurasa wakaweka jina langu, Mwanaisha wa Pemba. Hapo ndipo nilipoharibika. Niliuonyesha ukurasa ule kwa mama yangu, kwa muuza mkate, kwa bibi harusi mmoja ambaye hata sikuwa namjua vizuri.

Baada ya hapo tukasikia kuwa mwongozo unatafsiriwa kwa Kiswahili, na sura za mwanzo zimeshaandikwa na kikundi cha Unguja, kiongozi wao kijana anaitwa Bwana Nassor. Bi Rukia hakulala. "Kila kitu kinaanza Unguja na kinaisha Unguja," aliniambia, "siye tunaletewa makombo kwa boti. Safari hii n'nataka sura zilobaki ziandikwe hapa, na vijana wetu." Akaandika barua, akapiga simu, akasumbua, mpaka Bwana Nassor akakubali kuja na wenzake kutuona, kama tunaweza kazi au hatuwezi. Kwa Bi Rukia lile halikuwa jambo la programu. Alikuwa na wanafunzi waliomaliza kwake wakiwa hodari na wamekaa barazani hawana pa kuonyesha uhodari wao, na kila mmoja alimuumiza.

Mimi nikachukua sura za Unguja nikazisoma kwa jicho langu lile lile. Nikafika kwenye amri ya kupanga wakati, ambayo kwetu ilikuwa ngeni, maana sisi tulikuwa tunatuma meseji papo kwa papo tu. Mwongozo ukasema, ukiandika 08:00 meseji itaondoka saa mbili asubuhi. Kidudu kikaamka. Nikaijaribu kwenye mashine yetu ya kutumia meseji, kopo moja la zamani lililokaa chini ya meza, halina kioo wala kava, nyaya nje kama utumbo (amri tuliliandikia kwa waya kutoka kompyuta ya jirani yake), nikaandika 08:00 asubuhi mapema na kupanga meseji ije kwenye simu yangu. Saa mbili ikafika, kimya. Saa tatu, kimya. Nikasahau, nikafundisha, nikasali adhuhuri, nikakaa kula wali wangu na mchuzi wa pweza, na hapo, saa nane kamili ya mchana, simu ikalia.

Nilisahau kula. (Msinione mjinga jamani, najua kama mnavyojua nyinyi kwamba saa nane ya Mzungu ni saa mbili yetu, nimezaliwa Pemba lakini sikuzaliwa jana.) Lakini jaribio ni jaribio. Nikarudia siku ya pili kwa 03:00, ikaja saa tatu asubuhi. Nikarudia kwa 10:00, ikaja saa kumi alasiri, muadhini anaadhini. Nikakaa nikaiwazia, na raha niliyoipata katika kuwaza ndiyo iliyonimaliza, maana nikajijengea maelezo mazuri mno: watengenezaji, kwa kuwa programu sasa imetiwa Kiswahili, wameifanya ihesabu saa za Kiswahili pia, watu waungwana wale, na hawa wa Unguja wametafsiri mwongozo wa zamani bila kujaribu. Wamekosea! Unguja wamekosea, na aliyeliona kosa ni Mwanaisha wa Pemba.

Nilitaka kujaribu kwenye mashine ya pili, wallahi nilitaka. Siku hiyo umeme ukakatika, na uliporudi vyumba vyote vimejaa wanafunzi, nikasema basi, kosa nimeshaliona mara tatu, la nne la nini? Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kama punje ya mtama.

Nilipomwambia Bi Rukia aliinuka kitini. "Wamekosea? Hao?" Akafunga mlango. "Usiwaandikie. Usiwaambie kitu. Wakija, watu wamejaa, unasimama unawaonyesha kwa adabu, na siye tunakuwa tushawapa jawabu ya kama tunaweza kazi."

Basi ikawa si mkutano tena, ikawa karamu. Wakaalikwa wazee wa wanafunzi, kina mama wa Pujini, watu wa Wambaa. Enzi hizo za vyama vingi, kwetu ukimwita mtu mkutanoni kwanza anakuuliza mkutano wa chama gani, kwa hiyo tulihangaika hata na rangi ya bango, kila rangi tuliyoitaja ilikuwa na wenyewe, mwisho tukachukua kahawia, rangi ya chai iliyomwagika. Sheha wa mtaa naye akaombwa kibali, akatoa, kwa maandishi, saa nane mchana mpaka saa kumi. Na kwa kuwa Bi Rukia anawajua watu wake, ukiwaambia saa nane wanatoka kwao saa tisa, akasema tusiwape saa kabisa, tuwaambie wakae tayari siku hiyo wasubiri meseji, na meseji iwaite saa nane ile ile kama dharura. Akaniandikisha maneno mwenyewe: "Assalaamu alaykum. Wageni washafika na chakula kinapakuliwa. Njooni sasa hivi, msichelewe."

Jioni ya kuamkia siku yenyewe tukaitazama ile mashine ya chini ya meza, na nyaya zake, tukaona haya kuwaonyesha wageni. Bi Rukia alikuwa na laptopu mpya aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati. Nikahamisha programu na modemu kwenye laptopu, nikaandika amri, na kwa saa ya kutuma nikaandika 08:00. Nikaenda zangu kulala.

Asubuhi nilifika kituoni na ndoo na ufagio. Bi Rukia alikuwa uani na kanga ya kichwani tu, anachambua mchele na majirani zake, nyama haijaoshwa, kuni hazijawashwa. Simu yangu ikalia. Nikasoma "wageni washafika na chakula kinapakuliwa", na nikawa sielewi nani kaniandikia, mpaka nikasikia simu ya Bi Rukia nayo inalia, na za majirani, moja baada ya moja, ndani ya ungo wa mchele. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Mwanaisha," aliniita taratibu, na yeye hana desturi ya taratibu. "Hii n'ni?"

"Laptopu," nilisema. "Laptopu ni mbovu, Bi Rukia."

Nilijaribu kuandika meseji ya pili ya kuwarudisha watu, lakini vocha ya modemu ilikuwa imekwisha kwa ile ya kwanza, na duka bado halijafunguliwa. Wakati naligonga lile duka nikaona gari la shamba linakata kona, na juu yake kina mama wa Pujini kwa mabuibui ya sikukuu na udi unanukia mpaka barabara ya pili. Nyuma yao watu wa Madungu kwa miguu. Hawa watu ambao Bi Rukia amewajua maisha yake yote kuwa wanachelewa, siku hiyo hakuchelewa hata mmoja. Mzee Khamis wa Wambaa, babake mwanafunzi wetu mmoja, alishuka kwenye pikipiki na kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, akatazama uani, akatazama sufuria tupu.

"Mwanangu," aliniambia, "mie nimewacha chai kwangu. Nimeambiwa kinapakuliwa. Kinapakuliwa wapi?"

"Kinakuja, Mzee."

"Na wageni?"

"Nao wanakuja." Wageni wakati huo walikuwa hata boti hawajashuka.

Na kama hayo hayatoshi akaja sheha, ameshika nakala ya kibali chake, nyuma yake watu wawili ambao hawakusema kazi yao. "Bi Rukia, heshima yako. Kibali changu kinasema saa nane. Sasa hivi ni saa mbili na watu washajaa. Huu mkusanyiko wa saa mbili ni wa nani?" Kina mama wa Pujini wakaanza kusogea kwenye gari lao, maana kila mtu alikuwa na ndugu aliyewahi kukaa ndani kwa mkusanyiko mdogo kuliko ule. Bi Rukia alimchukua sheha pembeni, akamsemesha kwa muda, sijui alimwambia nini mpaka leo, ila sheha alirudi akakaa kitini akasema na yeye atangoja chakula.

Tukawanywesha chai. Tukanunua maandazi ya mtaa mzima, tukanunua na mikate ya boflo, tukamaliza, na duka lilipofunguliwa nikanunua na vocha ya modemu. Watu wakakaa. Wakasali adhuhuri hapo hapo. Watoto wakalia, wakalala, wakaamka, wakalia tena. Saa saba na nusu Bwana Nassor na wenzake wakashuka garini, wakaona umati umekaa kimya unawatazama kwa macho ya njaa, na yeye maskini akadhani ni heshima.

Sasa mtu mwenye akili angeyaacha hapo. Angesema karibuni, tule, na hayo ya saa tutayazungumza. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha jieleza moyoni kuwa mbovu ni laptopu, na kosa la mwongozo liko pale pale, na Bi Rukia alinitazama kwa jicho la "haya, tuokoe". Nikasimama. Nikasema kwa adabu zote kwamba ndugu zetu wa Unguja wamefanya kazi kubwa, ila binadamu hukosea, na mimi nimejaribu mara tatu. Nikaeleza nadharia yangu yote, ya saa za Kiswahili, mpaka nikawasifu watengenezaji kwa kutukumbuka. Watu wakapiga makofi. Saa ilikuwa nane u nusu na kitu. Nikaandika kwenye laptopu, na projekta inaonyesha ukutani, 08:40.

Saa nane na dakika arobaini ikafika ikapita. Mtu alikohoa. Nikatazama simu yangu kama mtu anayengoja mchumba.

Bwana Nassor akainua kidole, mpole kweli yule kijana. "Samahani dada. Hebu tujaribu 14:50."

Nikaandika, kwa kumridhisha tu. Ilipofika, simu zote za ukumbi zililia kwa pamoja, na kwa kuwa sikubadilisha maneno, kila mtu akasoma tena kwamba wageni wamefika na chakula kinapakuliwa na aje sasa hivi, asichelewe. Waliinuka wote. Hapakuwa na wa kuwazuia, watu wamekaa tangu asubuhi, Mzee Khamis mbele na sheha nyuma yake, wakaenda moja kwa moja uani kwenye pilau na wakajipakulia wenyewe, wageni wamebaki wamekaa ukumbini na chupa zao za maji.

"Laptopu hii ni mbovu!" nilipiga kelele (ndiyo, nilipiga kelele, mbele ya wageni). "Ngojeni!" Nikaingia chini ya meza, nikaburuta ile mashine ya zamani na nyaya zake, na vumbi la miaka, nikaichomeka kwenye projekta. Ukuta ukawaka. Nilikuwa sijapata kuiona mashine ile ikiwa na kioo hata siku moja. Na pale pembeni, chini, kwa herufi nyeupe zilizokuzwa ukutani kila mmoja azione, saa yake ilikuwa imeandika 08:57.

Nikaitazama. Nikaitazama saa ya ukutani. Haikuwa programu iliyokuwa inahesabu Kiswahili. Ilikuwa mashine. Mtu mmoja, siku moja, aliitia saa zetu, na mashine ya watu ikafanya kazi yake kwa uaminifu, na mimi nikaenda kuwasuta Waunguja.

Bwana Nassor alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mzee Khamis alikuwa anarudi na sahani yake, akasimama mlangoni, akatazama ukuta, akatafuna. "Mnacheka n'ni? Saa tisa kasoro si ndo hiyo? Mbona iko sawasawa hiyo mashine?"

Na nusu ya ukumbi ikamkubali! Wakaanza kutoleana simu. Mzee Khamis ya kwake iko hivyo hivyo, mwanawe kamtilia. Mwenyekiti wa kina mama wa Pujini, hivyo hivyo. Bwana Nassor aliacha kucheka, akatoa macho, akaanza kupita kwa kila mtu anauliza, na yako? Na ya skuli kwenu? Akasema hata mama yake Unguja simu yake iko hivyo na yeye anaiona kila siku, na haikumpitia kichwani hata mara moja alipoandika ile sura. "Hili hatukuliandika," alisema. Halafu akauliza, kwa wema tu, "Hii mashine nani aliyeitia saa?"

Nilimtazama Bi Rukia. Alikuwa anatengeneza ushungi wake ambao haukuwa na kasoro. Bi Rukia, ambaye mtu akipiga chafya anauliza nani. Nikakumbuka kusimuliwa kuwa zamani, kabla sijaja mimi, mashine ile ilikaa mapokezi na kioo chake, wageni wakiitumia kama saa ya ukutani, na nani alikuwa akikaa mapokezi. Na nikaona wanafunzi wake wamesimama nyuma, wale wa barazani, wanamtazama.

"Ilikuwa kazi yangu kuiangalia," nilisema. "Sikuiangalia."

Wageni waliondoka alasiri. Sura zilizobaki zilibaki Unguja, Bwana Nassor alisema kwa upole kwamba wenzake wanaona bado. Ila ile sentensi iliyokosekana, ya kumwonya mtu aitazame kwanza saa ya mashine yake, alisema tuiandike sisi, maana hawezi kuiandika mtu asiyepata kuadhirika nayo. Sentensi moja. Bi Rukia alitaka kitabu akapewa sentensi moja.

Jioni mimi na Bi Rukia tulikuwa uani tunakwangua ukoko. Tulipofika sufuria ya pili akaanza.

"Saa ile niliitia mie."

"Najua, Bi Rukia."

"Wazee walikuwa wanaisoma vibaya, wanapitwa na sala. Nikaitengeneza, nikasahau." Akakwangua. "Nilisema moyoni, nikijitaja mie watamcheka mwalimu mkuu, na kituo kitakwenda nami. Weye kijana, watakusahau."

"Hawatanisahau."

"Hawatakusahau," alikubali, na akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mikono yote miwili imejaa masizi hata machozi hawezi kujifuta, nikamfuta mimi kwa upindo wa kanga yangu.

Sentensi yetu iliingia, iko mpaka leo, na wanafunzi wote waligombana juu ya kila neno lake kwa siku nyingi, sijapata kuona watu wakigombana kwa raha vile. Mimi kuisoma miongozo sijaacha, na makosa bado nayaona, kidudu hakijafa. Ila nimeapa, na kiapo changu nakiweka: sitamwambia mtu tena kuwa kitabu chake kimekosea mpaka niwe nimeingia chini ya meza yangu mwenyewe nikaona nani kaweka nini.